Bei ya Uongo Huzaa Damu

Jioni ya tarehe 2 Februari 1991, karibu na mji wa Gainesville katika jimbo la Florida, Marekani, wanaume wawili walimtoa bandani farasi wa mashindano aliyeitwa Streetwise. Mmoja wao aliitwa Tommy Burns. Wa pili, aliyekodiwa na Burns, alikuwa na mtaimbo mkononi. Aliuinua, akampiga farasi mguu wa nyuma mpaka mfupa ukavunjika. Streetwise hakuwa mgonjwa, hakuwa mkali, hakuwa amemdhuru mtu. Alikuwa amekatiwa bima ya dola 25,000, na kulikuwa na mtu aliyezitaka fedha hizo kuliko alivyomtaka farasi.

Burns hakuwa na mazoea ya kuvunja miguu. Kwa karibu miaka kumi kazi yake ilikuwa kuua kwa umeme, ili kifo kionekane cha msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoua farasi wengi kila mahali bila kumshangaza mtu. Lakini Streetwise alikwisha kufanyiwa upasuaji wa msokoto huo, na bima yake haikumlinda dhidi ya ugonjwa wa tumbo. Ndipo ukatafutwa mtaimbo, pamoja na hadithi kwamba farasi ameumia katika ajali wakati wa kupakiwa kwenye gari. Daktari wa mifugo alipoitwa hakuwa na la kufanya ila kumchoma sindano ya kumaliza mateso. Safari hii, hata hivyo, maofisa wa serikali walikuwa wakimfuatilia Burns nyendo zake. Wakamkamata, naye alipofungua kinywa, yakaanza kutajwa majina ya watu wakubwa katika mchezo wa farasi.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu ya jambo moja, nalo ni bei. Kabla ya mtaimbo na kabla ya umeme, palikuwa na mtu aliyetaja bei ya uongo, na palikuwa na waungwana walioikubali kwa kuwa kila mmoja alipata fungu lake. Mauaji yalikuja mwishoni kabisa, ili kuuficha uongo huo wa kwanza.

Mchezo wenyewe ni mzuri kuutazama. Farasi na mpandaji wake hupita uwanjani wakiruka viunzi vya miti iliyopakwa rangi, na mnyama mwenye uzito wa nusu tani hunyanyuka bila kugusa mti hata mmoja. Nchini Marekani wakati wa baridi matajiri huhamishia farasi wao Florida, na wakati wa joto hurudi New York na majimbo ya jirani. Zawadi za mashindano mara nyingi hazitoshi kulipia chakula, fundi wa kwato, usafiri, watunzaji na kocha. Faida kubwa imo katika kununua na kuuza.

Na hapo ndipo penye mwanya. Farasi wa mashindano hana bei inayojulikana na kila mtu. Hapimwi kwa kilo kama ng'ombe wa nyama. Thamani yake ni maneno ya mjuzi: huyu ana kipaji, huyu atafika Olimpiki, huyu anafaa kwa binti yako. Mjuzi huyo kwa kawaida ni kocha, na kocha hupata kamisheni pindi farasi anaponunuliwa. Akiwa mwaminifu, mnunuzi amepata mshauri. Akiwa si mwaminifu, kila elfu anayoiongeza juu ya bei inanenepesha mfuko wake, naye mnunuzi asiyejua kitu anamshukuru. Kisha huja kampuni ya bima, ambayo kwa kawaida humkatia farasi bima kwa kufuata bei iliyolipwa. Basi uongo uliosemwa mdomoni kwa kocha unaandikwa kwenye hati, unapigwa muhuri, na unageuka kuwa fedha halali inayongoja siku ya kifo.

Aliyeonja uchungu wa bei ya namna hiyo kuliko wote ni Helen Brach. Alizaliwa Ohio katika familia ya kawaida. Alikuwa akipokea makoti na kofia za wageni kwenye klabu ya matajiri huko Florida alipokutana na Frank Brach, wa kampuni ya peremende ya E. J. Brach and Sons ya Chicago. Wakaoana. Frank alipofariki mwaka 1970 alimwachia mkewe mamilioni ya dola. Bibi Helen hakuwa na mtoto, na mapenzi yake mengi aliyamimina kwa wanyama. Mbwa wake walipokufa aliwazika kwa heshima katika makaburi ya Unionport, Ohio, karibu na wazazi wake, na mahali hapo hapo akajitengea kaburi lake mwenyewe.

Mjane, tajiri, mpweke, tena mpenda wanyama: watu wa namna hiyo ndio aliowatafuta Richard Bailey. Bailey alikuwa na mabanda ya farasi pembezoni mwa Chicago. Kwa miaka mingi alijenga urafiki na wanawake wenye umri na mali, wajane na waliotalikiwa, akawapeleka kwenye chakula cha jioni na dansi, akawatumia maua na kuwasikiliza. Baadaye, bila haraka, akawaletea habari za farasi. Mara nyingi hakujionyesha kuwa ndiye muuzaji. Muuzaji alikuwa mtu mwingine, kumbe ni mshirika wake. Washirika wengine walikuwa watu wa taaluma, tena daktari wa mifugo alikuwamo, na kwa hiyo mama wa watu alipouliza maswali alijibiwa na sauti kadhaa zinazokubaliana. Hakujua kwamba sauti zote zilitoka katika mfuko mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Bailey aliingia nguoni kwa kushika mkono na kuita mpenzi.

Mwaka 1975 Helen Brach alilipa dola 98,000 kwa farasi watatu. Waendesha mashtaka walikuja kueleza kwamba thamani yao yote haikufika dola 20,000, na kwamba muuzaji alikuwa ndugu yake Bailey. Kufikia mwanzoni mwa 1977 bibi huyo alikwisha kuanza kufumbuka macho. Alipata maoni ya mtu wa nje ya kundi, akaelewa kuwa ameuziwa farasi wasiofaa, akakasirika. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa mahakamani, alikusudia kulifikisha jambo hilo kwa vyombo vya sheria.

Tarehe 17 Februari 1977 alitoka katika hospitali ya Mayo mjini Rochester, Minnesota, alikokwenda kupimwa afya yake. Alikuwa na umri wa miaka 65. Baada ya siku zile hakuna rafiki yake aliyemwona tena. Mwaka 1984 mahakama ilimtangaza kuwa amekufa. Mwili wake haujapatikana, na kaburi alilojitayarishia Unionport halina mtu.

Kesi ya Brach ilikaa kimya zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapelelezi wa serikali kuu waliifungua upya, wakaufuata ulaghai wa Bailey kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, kutoka banda hadi banda. Walikuwa wanamtafuta bibi mmoja aliyepotea, wakakuta njiani mizoga ya farasi. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha kwa Tommy Burns na waya wake.

Waya huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulikuwa ekstensheni ya kawaida, ya kununuliwa dukani kwa fedha kidogo. Burns aliukata ncha moja, akazitenganisha nyuzi zake mbili, kila uzi akaufunga kibanio cha chuma. Aliingia bandani usiku, akambana farasi kwa vibanio hivyo, akasogea pembeni, akachomeka plagi kwenye soketi ya ukutani. Mnyama alianguka papo hapo. Burns alifungua vibanio, akakunja waya, akautia mfukoni na kuondoka. Asubuhi mtunza farasi alikuta mzoga, hakuona jeraha, na daktari akaandika msokoto wa tumbo.

Kwa maelezo ya Burns mwenyewe, wa kwanza alikuwa farasi aitwaye Henry the Hawk, mwaka 1982, aliyekuwa na bima ya dola 150,000. Burns wakati huo alikuwa kijana aliyejipatia riziki kwa kazi za mabandani, mtu wa kufagia samadi na kubeba maji. Alisema aliyemfundisha kutumia umeme alikuwa wakili, na kwamba wakili huyo kazi yake ilikuwa kuzitetea kampuni za bima. Aliyelipwa kulinda hazina ndiye aliyemwonyesha kijana maskini tundu la ukutani. Baada ya hapo kazi ilimfuata Burns kwa kuitwa na watu. Kwa dola elfu kadhaa, au sehemu ya fedha ya bima, alisafiri kutoka jimbo hadi jimbo, na alikiri kuua farasi wapatao 15. Wenyeji wa mashindano walimpa jina la Sandman, mtu wa ngano za kwao anayewaletea watoto usingizi.

Jina la namna hiyo mtu hajipi mwenyewe. Ili lienee lazima lisemwe na wengi, nao wajue kwa nini wanalisema. Hili ndilo linalonisumbua kuliko waya wenyewe. Makocha waliofundisha watoto wa watu adabu ya kumkalia farasi walijua jina hilo. Baadhi yao walilipokea na kulitumia. Wengine, ambao hawakuua na wala hawakuchukua senti, walilisikia wakaendelea na mazungumzo. Wala hofu yao haikuwa ya bure. Chicago ilikuwa imekwisha kumwona mfanyabiashara wa farasi Silas Jayne na uadui wake na ndugu yake George: mwaka 1965 bomu lililotegwa kwenye gari la George lilimuua msichana aliyekuwa akipanda farasi wake, na mwaka 1970 George mwenyewe alipigwa risasi nyumbani kwake akicheza karata na familia. Silas alihukumiwa mwaka 1973 kwa njama ya mauaji hayo. Baada ya mambo kama hayo, watu wazima walijifunza kuangalia pembeni. Lakini kunyamaza kwa hofu na kunyamaza kwa manufaa, kwa mnyama aliyefungwa bandani, ni kitu kimoja.

Tarehe 27 Julai 1994 waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini Chicago walitangaza mashtaka dhidi ya watu 23. Nchi ilishangaa kuona ni akina nani. Barney Ward, kocha na mfanyabiashara mkubwa wa farasi wa Brewster, New York, alikuwamo. Paul Valliere, kocha maarufu wa Rhode Island, alikuwamo pia, naye alikubali kuvaa kinasa sauti ili kuwasaidia wapelelezi kuwanasa wenzake. Na alikuwamo George Lindemann Jr.

Msomaji asimpite haraka huyu wa mwisho, kwa kuwa kisa chake kinavunja udhuru tunaopenda kuutoa, kwamba mtu huiba kwa sababu ya shida. Lindemann alikuwa mpandaji kijana mwenye kipaji. Baba yake alitajirika kwa biashara ya simu za mkononi, na utajiri wa familia ulihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Hata shamba lao la farasi lililokuwa Armonk, New York, liliitwa Cellular Farms, kwa heshima ya simu zilizolijenga. Katika shamba hilo alikuwapo farasi aitwaye Charisma, aliyenunuliwa kwa dola 250,000 na kukatiwa bima ya kiasi hicho hicho. Matumaini yalikuwa makubwa, matokeo hayakufika yalipotarajiwa. Mwezi Desemba 1990 Charisma alikutwa amekufa bandani.

Mawakili wa Lindemann waliuliza swali lenye nguvu: mtu wa mali kama hiyo, dola 250,000 zina maana gani kwake? Baraza la mahakama lilisikiliza ushahidi wa Burns, likaona na kumbukumbu za simu, na mwezi Septemba 1995 likamkuta na hatia ya ulaghai, yeye pamoja na meneja wa shamba lake. Lindemann alikuwa amekana mashtaka. Mwezi Januari 1996 alihukumiwa kifungo cha miezi 33 na faini ya dola 500,000, mara mbili ya bei ya farasi mwenyewe.

Swali la mawakili wale lina jibu, nalo linatuhusu wengi. Tajiri hakupungukiwa na fedha. Alichokuwa nacho ni farasi aliyenunuliwa kwa bei kubwa machoni pa watu wote, ambaye uwanjani hakuonekana kustahili bei hiyo. Kumuuza kwa hasara ni kutangaza kwamba umekosea, au umedanganywa. Farasi akifa kwa ugonjwa, fedha inarudi na heshima inabaki. Mwenye kuukimbia uchungu mdogo wa kusema nimepata hasara anaweza kufika mahali ambapo uhai wa kiumbe unakuwa gharama ya kulinda jina lake.

Ward, kwa upande wake, alikiri makosa mwaka 1996 na kufungwa. Shirikisho la mchezo huo la Marekani liliwafungia wahusika, naye Ward akafungiwa maisha. Burns alipata kifungo kifupi kwa kuwa alishirikiana na serikali. Bailey alikiri ulaghai mwezi Machi 1995. Hakuwahi kutiwa hatiani kwa kumuua Helen Brach, na siku zote alikanusha kuhusika. Hata hivyo Jaji Milton Shadur, wakati wa kupanga adhabu, alisema ushahidi umemridhisha kuwa Bailey alishiriki katika njama ya kumuua bibi huyo, akampa kifungo cha miaka 30. Alitoka gerezani mwaka 2019, mzee wa miaka karibu tisini.

Lipo jambo katika hukumu hizo ambalo haki haikulifikia. Mashtaka makubwa ya Chicago yalikuwa ya ulaghai kwa kutumia posta na simu: nani alimpigia nani, nani alituma dai la bima, nani alipokea hundi. Sheria ilizihesabu dola zilizoibwa kutoka kampuni za bima. Maumivu ya farasi hayakuwa na safu yake katika hesabu hiyo. Mnyama aliyebebwa nchi nzima akimrukia binadamu viunzi, anayemwamini mtu kiasi cha kusimama tuli akitiwa kibanio sikioni, alifika mahakamani kama mali iliyoharibika. Ndivyo ilivyo tunapokubali kumtazama kiumbe kwa bei yake tu: hata siku ya kumlilia, tunailia bei.

Sasa tuje kwenye funzo. Wengi wetu hatutamiliki farasi wa mashindano maishani. Lakini ni nani kwetu hajawahi kusimama mbele ya dalali anayeuza kiwanja, gari lililotumika au ng'ombe wa maziwa, pamoja na shahidi anayejitokeza ghafla kusema kitu hiki ni cha bahati, watu wanakigombania? Ni mama gani mjane hajapata mgeni mpole baada ya arobaini, aliyekuja kumfariji na kumshauri namna ya kuwekeza mafao ya marehemu? Mbinu za Bailey hazikuhitaji farasi. Zilihitaji mtu mwenye fedha, asiye na wa kumuuliza, na kundi la watu waliokwisha kukubaliana jibu.

Kwa hiyo la kwanza: usimwachie muuzaji, wala rafiki wa muuzaji, akuletee mthamini. Mtafute mwenyewe, mlipe mwenyewe, na muulize mbele yake nani mwingine anamlipa. Mtu mwaminifu hatachukia swali hilo. Na wewe kijana uliye karibu na mama au shangazi mwenye mali, usimwache peke yake na watu wapya kwa sababu tu unaona haya ya kuonekana unanyemelea urithi. Upweke wa Helen Brach ndio ulikuwa lango la wezi wake.

La pili: ukigundua umeuziwa kwa bei ya uongo, ikubali hasara mapema na uiseme wazi. Usiusukume uongo huo kwa mwenzako, wala usiutafutie bima ya kuulipa. Anayechoma duka lisilouza, anayetumbukiza gari bovu bondeni ili alipwe, amesimama mahali pale pale aliposimama mwenye Streetwise. Leo ni duka tupu. Kesho mlinzi atakuwa amelala ndani. Na ukiamua kumshtaki aliyekudanganya, usimtishie kwanza kwa maneno ukiwa peke yako. Nenda na wakili, nenda na ndugu, acha maandishi kwa watu zaidi ya mmoja, ili siri unayoijua isitegemee uhai wako pekee.

La tatu ni la sisi tunaosikia. Katika kila biashara kuna jina linalosemwa kwa sauti ya chini, mtu anayeitwa pale mambo yanapotakiwa kumalizwa. Tunalijua, tunacheka kidogo, tunabadilisha mazungumzo. Wale makocha waliolisikia jina la Sandman na kunyamaza walijiona safi kwa kuwa mikono yao haikushika waya. Lakini farasi wapatao 15 walikufa katika muda wa karibu miaka kumi, mmoja baada ya mwingine, na kila baada ya kifo palikuwa na mtu ambaye angeweza kupiga simu moja akaokoa waliobaki. Atakayelisikia jina kama hilo katika soko lake, ofisi yake au chama chake cha michezo, na alipeleke panapohusika siku hiyo hiyo, kabla hajaja kulipwa naye ili asiseme.